Nasoma Sura Tatu kwa Siku, Jioni Sikumbuki Kitu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nimeanza mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja. Husoma alfajiri kabla ya kutoka kwenda kazini Kariakoo, lakini ikifika jioni sikumbuki nilichosoma. Mzee wa kanisa amenishauri nitafakari. Rafiki yangu anaonya kwamba kutafakari ni mambo ya dini nyingine. Nifanyeje? – Msomaji wa kike, Kimara, Dar es Salaam.

JIBU: Asifiwe sana, dada. Biblia ina sura 1,189, hivyo atakaye kuimaliza kwa siku 365 hana budi kusoma zaidi ya sura tatu kila siku. Mwendo huo hukusaidia kuona jinsi masimulizi yanavyofuatana, ila hauachi nafasi ya kutafakari.

Kuhusu onyo la rafiki yako, Yoshua aliamriwa kuitafakari torati mchana na usiku (Yoshua 1:8), na Mariamu aliyaweka mambo aliyoyasikia moyoni mwake akiyafikiri (Luka 2:19). Katika karne ya 12 mtawa Guigo II alikwisha kuandika juu ya ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba na kutulia mbele za Mungu.

Chukua basi fungu fupi, kwa mfano Wafilipi 4:10–13. Mstari wa 13, unaosema “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu”, tunaukuta umebandikwa hata kwenye daladala, na wengi huuchukua kama ahadi ya kufanikiwa kibiashara. Ukianzia mstari wa 10, utamwona Paulo akiwa kifungoni, akieleza kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Nguvu anazozitaja ni za kustahimili hali zote hizo. Soma fungu hilo mara mbili kwa sauti, jiulize ni upungufu gani unaokusumbua sasa, iwe ni kodi ya nyumba au ada ya mtoto, kisha umwombe Mungu jambo hilo hilo bila kuzungukazunguka. Ndani ya basi la mwendokasi huna haja ya kufungua kitabu (wala kutoa simu, kwa usalama wake). Rudia maneno hayo kimoyomoyo. Jioni jiulize kama yamegusa namna ulivyozungumza na wateja.

Usilazimishe kila mstari ukuhusu wewe. Sura tisa za kwanza za 1 Mambo ya Nyakati zimejaa vizazi, nazo zinaweza kusomwa kwa haraka. Usiloelewa liandike, umuulize mchungaji wako. Mpango wako wa mwaka uhamishie Jumapili alasiri, hata kama utachukua miaka kadhaa.