Maswali ya Wasomaji: Macintosh haisomi flopi ya Linux

SWALI: Salaam wahariri. Kanisani kwetu Pasua, Moshi, tuna Macintosh Classic inayowaka vizuri, na mzee wa uchapishaji hataki kuiacha. Nimenunua drivu ya flopi ya USB, nikanakili programu moja na matangazo kutoka laptopu yangu ya Linux. Kila nikiingiza flopi, Mac inauliza kama niifomati. Nilipoifungua kwa Apple File Exchange (programu ya Mac ya kusoma flopi za DOS), programu niliyonakili ikakataa kuwaka, na matangazo yakaja mstari mmoja mrefu wenye alama za ajabu. Nimekosea wapi?
– Msomaji, Moshi

JIBU: Usikubali kuifomati, utafuta kila kitu kilichomo. Flopi yako ni nzima, ila imeandikwa kwa mpangilio wa DOS, mfumo wa zamani wa PC, na Mac inatafuta ule wake, yaani HFS.

Una bahati ni Classic. Drivu yake inasoma flopi za MB 1.44, sawa na drivu yako ya USB. Ingekuwa Macintosh Plus, yenye drivu ya KB 800, safari ingeishia hapo: injini yake hubadili mwendo kati ya mizunguko 394 na 590 kwa dakika kadiri kichwa kinavyosogea, na hakuna drivu ya USB inayoweza kuifuata. Hakikisha flopi ina matundu mawili, moja kila pembe. Na kabla ya kuiingiza, vuta kile kifuniko cha bati uangalie utando wa ndani. Ukiona madoa meupe, ni ukungu wa masika. Itupe, maana flopi moja ya hivyo huchafua kichwa cha drivu, na kichwa hicho huharibu flopi zote zinazofuata.

Sasa programu. Faili la Mac ya zamani lina matawi mawili, la data na la rasilimali. Programu za enzi hiyo huishi karibu zote kwenye tawi la rasilimali: msimbo, menyu, hata picha ya ikoni. DOS na Linux hazina pa kuliweka tawi hilo, kwa hiyo hubaki faili lenye baiti 0, au lenye data isiyo na uhai. Ndiyo sababu programu husafirishwa ndani ya vifungashio vinavyobeba matawi yote mawili, MacBinary (.bin) au BinHex (.hqx), na hufunguliwa ikiwa tayari juu ya HFS. Kama faili lako liliwahi kunakiliwa nje ya Mac bila kufungwa hivyo, hakuna dawa. Tafuta nakala nyingine.

Kwenye Linux weka kifurushi cha hfsutils, zana za kuandika flopi za HFS. Chapa lsblk uone flopi imepewa jina gani. Hapa tuseme ni /dev/sdb, na ukubwa wake lazima usomeke 1.4M. Ukikosea herufi hiyo moja utafomati diski ya laptopu, hivyo soma mara mbili. Kisha:

sudo hformat -l MATANGAZO /dev/sdb
sudo hmount /dev/sdb
sudo hcopy -m programu.bin :
sudo humount

Nukta mbili mwisho wa mstari wa tatu si kosa la uchapaji, ndiyo anwani ya flopi. Kwa .hqx tumia -b badala ya -m. Usiichomoe flopi kabla ya humount. Mafaili ya .sit, yaliyobanwa kwa programu ya Mac iitwayo StuffIt, hunakiliwa kwa -r, ila yale yaliyofungwa kwa StuffIt 5 hayafunguki kwa matoleo ya nyuma yake.

Matangazo nayo: Linux humaliza mstari kwa baiti namba 10, Mac kwa namba 13. Herufi za Kiswahili hazina shida, isipokuwa ile alama ya ng' ikiwa programu yako ya kuandikia imeipinda. Hapo ng'ombe hugeuka ng‚Äôombe, kwa sababu alama hiyo moja katika UTF-8, usimbaji wa herufi unaotumiwa na Linux, ni baiti tatu, na Mac huzisoma kama herufi tatu. Geuza kwanza:

iconv -f UTF-8 -t MACINTOSH habari.txt | tr '\n' '\r' > habari.mac

Halafu, kabla ya humount, nakili na ulipe faili aina yake, la sivyo Mac haitajua ilifungue kwa programu gani:

sudo hcopy -r habari.mac :habari
sudo hattrib -t TEXT -c ttxt :habari

SWALI: Nina kompyuta ya zamani ya 386 inayotumia DOS, drivu ya flopi imekufa. Nilichomoa diski ngumu yake nikaiunganisha kwenye laptopu kwa adapta ya USB, haionekani kabisa. Diski imeharibika?
– Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Huenda ni nzima. Adapta hizo huita sekta (vipande vya data kwenye diski) kwa namba moja mfululizo, na diski nyingi za enzi ya 386 zinaelewa tu silinda, kichwa na sekta. Irudishe mahali pake.

Tafuta kadi ya CompactFlash na adapta yake ya IDE, kiunganishi cha diski ngumu za zamani. Kadi hizo huongea IDE zenyewe, hazihitaji draiva. Ifunge kama diski ya pili kwenye waya uleule, uitambulishe kwenye BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) kwa silinda 1024, vichwa 16, sekta 63. Hapo BIOS za zamani hukomea, takribani MB 504, hata kadi ikiwa GB 4. Iundie sehemu kwa FDISK na uifomati hukohuko kwenye 386, si kwenye laptopu, maana mpangilio wa BIOS ndio unaotawala. Baada ya hapo laptopu itaisoma kwa kisoma kadi kama kadi nyingine yoyote. Majina ya mafaili yasizidi herufi nane na tatu za mwisho.

Kama diski yako ya zamani ilikuwa na D:, sasa itasomeka E:, kwa sababu kadi imeichukua herufi hiyo. Rekebisha AUTOEXEC.BAT, faili la amri ambazo DOS huanza nazo, kabla hujadhani mafaili yamepotea. Na zima mashine kila unapochomoa kadi.