Chora kiwanja kabla ya nyumba: ushauri kwa anayepanga ujenzi kwa kompyuta

Kila anayeniambia anataka kuchora nyumba yake kwa kompyuta huanza kwa kuniuliza atumie programu gani. Mimi humuuliza kwanza: kiwanja umekipima? Sizungumzii kukipima kwa hatua, wala kuamini ile "20 kwa 30" aliyokutajia muuzaji. Umeshika tepu ukajua kila upande una mita ngapi? Unajua ardhi inashuka kuelekea wapi, na kwa kiasi gani? Kama bado, kompyuta isubiri.

Nasisitiza hivyo kwa sababu naona pesa za watu zinavyopotea. Mtu anapenda picha ya nyumba aliyoiona kwenye simu, ananunua ramani yake kwa bei rahisi na kumkabidhi fundi. Ramani ile ilichorwa kwa ajili ya kiwanja cha mtu mwingine, pengine tambarare kabisa. Kwako inageuzwa ili mlango uelekee barabarani, na kuanzia hapo kila kitu kinalazimishwa: chumba cha kulala kinatazama jua la jioni, choo kinaangukia upande wa juu wa mteremko, na shimo la maji taka halina pa kwenda. Faida kubwa ya kuchora kwa kompyuta si kupata picha nzuri ya kuwaonyesha ndugu. Faida yake ni kwamba unaweza kuhamisha ukuta kadiri upendavyo kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji, na kila ukiuhamisha unapata vipimo vipya papo hapo.

Sasa kiwanja. Ukipima pande nne tu, hujakijua. Pande nne zilezile zinaweza kutoa umbo lililonyooka au lililopinda, kwa hiyo lazima upime pia mshazari mmoja, kutoka kona hadi kona ya mkabala, na ukiweza upime yote miwili ili wa pili uwe wa kuhakiki. Kwenye programu unachora upande wa kwanza, kisha unachora duara kwenye kila ncha yake: moja lenye nusu kipenyo sawa na upande unaofuata, jingine sawa na mshazari. Pale maduara yanapokatana ndipo kona ya tatu ilipo. Rudia hivyo kwa kona ya nne na kiwanja chako kiko kwenye skrini jinsi kilivyo ardhini. Kama kimepimwa rasmi na una ramani ya upimaji yenye koodineti za bikoni, zile alama za mipaka, kazi ni nyepesi zaidi. Unaziingiza moja kwa moja. Hata hivyo nenda ukahakikishe kwamba bikoni bado zipo pale zilipowekwa.

Mteremko ndio niliokaa nao muda mrefu zaidi, maana mimi na mke wangu tumejenga Goba, Dar es Salaam, na anayeijua Goba anajua vile vilima. Huhitaji chombo cha bei kubwa. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, ule ule mafundi wanaotumia kuweka usawa wa msingi, unatosha. Mtu mmoja anashika ncha juu, mwingine ncha chini, maji yakitulia kila mmoja anapima kutoka usawa wa maji hadi ardhini, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kushuka kwa ardhi. Tulipata kwamba ardhi inashuka kama mita moja kwa kila mita kumi.

Tazama basi kinachotokea. Nyumba yetu ni mita 12 kwa 9 kwa nje. Ukiilaza ili ule urefu wa mita 12 ushuke na kilima, upande wa chini unahitaji msingi ulioinuka mita 1.2 zaidi, na kifusi cha kujaza ndani, ili usawa uwe mmoja, ni kama mita za ujazo 65. Ukiigeuza ili urefu ukatize kilima na ule upana wa mita 9 ndio ushuke, tofauti inakuwa sentimita 90 na kifusi ni kama mita za ujazo 49. Nyumba ni ileile, vyumba ni vilevile, lakini mita za ujazo 16 za kifusi zimeondoka, pamoja na kozi, yaani safu, kadhaa za tofali za msingi na vibarua wa kushindilia. Tuliona yote haya tukiwa tumekaa mezani. Ukiyagundua baada ya kuchimba, utayalipia.

Kuhusu programu zenyewe sitakaa sana. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ndiyo wataalamu wengi walioizoea, lakini leseni yake hulipiwa kila mwaka na kwa mtu anayejenga nyumba moja haina sababu. Usinunue nakala za kuibwa zinazouzwa kwenye flashi. Nyingi huja na virusi. Kwa kupanga vyumba, Sweet Home 3D ni ya bure, inakubali kompyuta dhaifu, na ukishaipakua haikuli bando. LibreCAD nayo ni ya bure, na inafaa kwa mchoro mkavu wa mistari na vipimo. SketchUp ina toleo la bure linalofanya kazi kwenye kivinjari. Ni nzuri kwa paa na vivuli, ila inataka intaneti ya kueleweka. Mimi nilichora kiwanja kwenye LibreCAD, vyumba kwenye Sweet Home 3D, na nilitunza nakala ya mchoro wa mistari katika faili la DXF, kwa sababu karibu kila programu ya michoro inaweza kulisoma.

Ukishaweka kiwanja, weka vitu kabla ya kuta. Vitu vyako halisi, ulivyovipima kwa tepu: kitanda, kabati, friji, kochi, hata ile meza ya kioo mliyopewa siku ya harusi. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinasikika kizuri mdomoni. Weka ndani yake kitanda cha futi 6 kwa 6, yaani mita 1.83, katikati ya ukuta. Zinabaki mita 1.17, kila upande sentimita 58. Kabati la nguo lina kina cha sentimita 60. Kwa hiyo ubavuni mwa kitanda halikai, lazima liende upande wa miguuni, ambako nako imebaki mita 1.17. Toa 60 za kabati, unabakiwa na sentimita 57 za kupita, na bado mlango haujafunguka. Plasta nayo inakula sentimita moja na nusu hadi mbili kila ukuta. Ukiongeza nusu mita upande mmoja, chumba kinapumua. Mke wangu ndiye aliyekuwa akisogeza vitu kwenye skrini, na aliona mapema kuwa mlango wa jikoni ukifunguka kuelekea ndani unagonga friji. Tukaugeuza kwa kubofya tu.

Hapo hapo amua tofali litakaaje, maana mchoro hauwezi kuwa sahihi kabla ya uamuzi huo. Tofali letu la kawaida la inchi 6 lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Likisimamishwa, ukuta una unene wa sentimita 15; likilazwa, ukuta una karibu sentimita 23. Tofauti ya sentimita 8 unaweza kuidharau, lakini ukikatiza nyumba yetu kwa urefu unapita kuta nne, na hapo sentimita 32 zimetoka kwenye vyumba. Programu inakupa pia jumla ya urefu wa kuta. Sisi zilikuwa kama mita 80 za nje na ndani, kimo mita 3, tukitoa milango na madirisha tunabaki na mita za mraba 210 hivi. Tofali za kusimama ni kama 9 kwa mita ya mraba, yaani takriban 1,900. Za kulala ni kama 13, yaani zaidi ya 2,700. Msingi haumo, na uongeze za kuvunjika. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, mazungumzo na muuza tofali na fundi yanakuwa ya aina nyingine kabisa.

Jua na upepo vinasahaulika sana, na kwa Pwani ndivyo vinavyoamua kama utalala usingizi au utahangaika na feni. Programu nyingi zinakuruhusu kuweka mahali ulipo, mwezi na saa, kisha zinakuonyesha kivuli. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa 6 mchana linakaa upande wa kaskazini, juu kiasi cha nyuzi 60, na paa lililotokeza sentimita 60 linafunika ukuta kama mita moja kwenda chini. Linatosha kwa dirisha. Ila upande wa magharibi, kuanzia saa 10 alasiri, jua linaingia chini chini na paa halisaidii. Kwa hiyo magharibi tuliweka bafu na stoo, na madirisha ya vyumba tukayaelekeza ili upepo wa kusi uingie upande mmoja na kutokea mwingine, na ule wa kaskazi vivyo hivyo msimu wake ukifika. Natamani kila anayejenga Dar, Tanga au Mombasa angefanya zoezi hili jioni moja tu.

Kwenye paa, chora kabla ya kubishana. Watu hupunguza mwinuko wakidhani wanaokoa bati nyingi. Nyumba yetu pamoja na sehemu inayotokeza ni mita 13.2 kwa 10.2. Kwa mwinuko wa nyuzi 30, eneo la bati ni kama mita za mraba 155. Kwa nyuzi 20 ni kama 143. Unaokoa 12 tu. Gharama na kuvuja vinatoka kwenye kona nyingi, pale paa mbili zinapokutana na kutengeneza bonde: bati zinakatwa mshazari, vipande vinatupwa, na maji yote yanakusanyika hapo. Ondoa vibaraza vya urembo viwili vitatu kwenye mchoro uone hesabu inavyoshuka.

Mchoro wako ni wa kupanga, na kuna mahali unapokoma. Programu haijui kama chini ya kiwanja kuna kichanga au udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Haijui nondo ngapi ziingie kwenye nguzo. Kwa kibali cha ujenzi nenda halmashauri yako uulize masharti, ikiwemo umbali wa kuacha kutoka mpakani, na tafuta mbunifu majengo aliyesajiliwa. Ukitaka ghorofa, mhandisi hana mbadala. Nilichofaidi mimi ni kwamba nilikwenda kwa mbunifu nikiwa na kiwanja kilichochorwa, mteremko na orodha ya vyumba vyenye vipimo, na hatukupoteza muda kwa kubahatisha.

Kisha kuna fundi, na hapa ndipo michoro mingi mizuri hufia. Usimtumie picha kwenye WhatsApp ukadhani umemaliza. Chapa kwenye karatasi ya A3, kipimio 1:50, na umwambie kijana wa steshenari asichague ile sehemu ya kufanya mchoro uenee kwenye karatasi, maana inabadilisha kipimio. Kisha pima mstari mmoja kwa rula uhakikishe: mita 12 lazima ziwe sentimita 24. Pamoja na hayo, andika kila kipimo kwa tarakimu ili asipime mtu kwa rula kwenye karatasi yenye vumbi. Programu zinaandika milimita. Fundi wetu anafikiri kwa futi, basi tukaandika vyote viwili.

Na msikilize. Fundi wetu aliutazama mchoro kimya, akaweka kidole kwenye ukuta wa korido. "Bosi, huu ukuta na ule wa jikoni vimepishana kidogo. Mkivinyoosha viwe mstari mmoja, lenta inapita moja kwa moja na kenchi inapata pa kukaa." Lenta ni boriti ya zege juu ya kuta, kenchi ni fremu ya kubeba paa. Nilisogeza ukuta sentimita 20, vyumba havikuathirika hata kidogo. Siku ya kuweka kamba nami nilikuwa na cha kumpa: nyumba ya 12 kwa 9 ina mshazari wa mita 15 kamili, ni ile tatu-nne-tano yake aliyoizoea, kubwa zaidi. Tulipima mishazari yote miwili kabla mtu hajashika sululu.

Umeme na maji viwe kwenye leya zake, yaani tabaka za mchoro, kila kimoja peke yake, ili uweze kuvificha na kuvionyesha. Kwa mabomba ya maji taka ya inchi 4, chora pia yanavyoshuka. Mteremko wa 1 kwa 40 una maana kwamba bomba la mita 8 kutoka chooni hadi shimoni linashuka sentimita 20, na lazima ujue litatobolea wapi kwenye msingi kabla jamvi, yaani zege la sakafu, halijamwagwa. Vyoo vyetu tuliviweka upande wa chini wa kilima, na chemba ya ukaguzi kwenye kila kona ya bomba.

Kabla zege la jamvi halijamwagwa, zunguka na tepu upime kila bomba liko wapi hasa, kutoka kuta mbili, kisha urudi kwenye kompyuta urekebishe mchoro ufanane na kilichojengwa. Fanya hivyo tena kwa nyaya kabla ya plasta. Hifadhi faili la DXF na PDF mahali pawili, na moja umpe mtu mwingine wa nyumbani. Juzi fundi wa makabati ya jikoni alikuja na drili, na kabla hajatoboa ukuta mke wangu alifungua mchoro kwenye simu akamwonyesha bomba la maji linapopanda, sentimita 35 kutoka kona. Akatoboa pembeni yake.