Mbolea ya maji ya asili kwa nyanya za kwenye ndoo: sisi wa Dodoma tuanze na maji yetu

Kama unalima nyanya kwenye ndoo au viroba hapa Dodoma, kabla hujauliza ununue mbolea gani ya maji, nenda kwanza kaangalie ndani ya birika lako la chai. Ukikuta ule ukoko mweupe umeganda chini basi maji yako ni magumu, yana chokaa na chumvichumvi, na hayo hayo ndo unamwagilia nyanya kila siku, jua linapiga, maji yanapaa, chumvi inabaki kwenye udongo. Shambani mvua ikija inaisukuma chini huko mbali na mizizi, ila kwenye ndoo haina pa kwenda kama hujaitoa mwenyewe. Ndo maana ushauri wa mbolea unaozunguka kwenye magrupu kutoka kwa watu wa Arusha au Lushoto ukiuleta hapa kama ulivyo unaweza kukuunguzia mche, sio kwamba wao wanadanganya, maji yao na mvua zao sio zetu. Sisi tunanyeshewa kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mvua zirudi.

Mimi nalima uani hapa Nkuhungu, ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, mche mmoja kila ndoo, udongo nachanganya na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na pumba za mpunga kidogo ili maji yapite. Msimamo wangu kwenye mbolea ya maji ni huu: angalia chumvi iliyomo na umri wa mche, hayo mengine yaliyoandikwa kwenye chupa, sijui ogani, sijui busta, sijui mavuno mara tatu, yasikuondoe kwenye hayo mawili.

Sasa twende kwenye lebo maana hapa watu wanaliwa hela. Kuna mama mmoja jirani yangu alinipa chupa yake, akaniambia "mwanangu hebu nisomee haya maandishi madogo, muuzaji kaniambia ni ya asili kabisa." Mbele imechorwa jani la kijani na neno organic kubwa, nyuma kwa herufi ndogo imeandikwa NPK 20-20-20. Nikamwambia mama hii sio ya asili. Zile namba 3 ni asilimia ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo, na mbolea ya maji iliyotokana na samaki, mimea au samadi haiwezi kufika huko juu kote. Ya samaki ya kweli mara nyingi utaikuta inasoma kitu kama 5-1-1, ya mwani inaweza kuwa 0-0-1 tu, zinaonekana ndogo lakini ndo ukweli wenyewe. Kwahiyo ukiona namba kubwa namna ile na neno asilia pembeni yake, rudisha chupa kwenye shelfu. Sisemi mbolea ya dukani ya chumvichumvi ni sumu, hapana, nasema usiuziwe kitu kwa jina la kitu kingine. Angalia pia kama imesajiliwa na TFRA, ile Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na tarehe ya kuisha muda, chupa isiyo na namba wala anuani ya mtengenezaji mimi siigusi hata kama ni bei ya kutupa.

Nikija kwenye aina zenyewe, ya samaki naipenda mwanzoni, mche ukishashika baada ya kuhamishwa, kama wiki 2 hivi. Ina naitrojeni ya kutosha kujenga majani na haiunguzi kirahisi ukiizimua vizuri. Inanuka jamani, tena inavuta paka na inzi, kwahiyo weka jioni na funika juu na nyasi kavu. Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba sehemu kubwa ya chakula kilichomo lazima vijidudu vya kwenye udongo vikivunje kwanza ndo mizizi inywe, sasa kama ndoo yako umejaza mchanga na udongo uliochoka bila mboji hivyo vijidudu ni vichache na utaona kama mbolea haifanyi kazi.

Ya mwani ni nzuri ila usiifanye chakula kikuu. NPK yake ni kidogo sana, faida yake ni madini madogo madogo na vichocheo vya mmea, inasaidia mizizi na inasaidia mche kuvumilia joto. Mimi natumia pamoja na nyingine. Na naomba usiende kuagiza mwani mbichi Zanzibar ukaloweka nyumbani, ule una chumvi ya bahari, kwa maji yetu haya utakuwa unaongeza tatizo juu ya tatizo.

Mkojo wa sungura unauzwa sana siku hizi kwenye chupa za maji ya kunywa, hauna lebo, huwezi kujua umezimuliwa au la. Una naitrojeni kali na una chumvi. Ukiutumia iwe kipindi cha majani tu, sehemu 1 ya mkojo kwa 10 za maji au zaidi, na mche ukianza maua achana nao kabisa, la sivyo utapata mti mkubwa wa kijani unaopendeza kupiga picha halafu nyanya mbili tatu. Tena majani laini yaliyolewa naitrojeni wadudu wanayapenda mno.

Ya kutengeneza mwenyewe, kanda yetu hii hatuna shida ya samadi ya mbuzi. Chukua ya zamani iliyokauka, sio mbichi kutoka zizini, jaza robo ya ndoo, weka maji mpaka karibu na juu, koroga kila siku kwa wiki 1 hadi 2, funika kwa sababu ya mbu na inzi, halafu chuja. Usimwagie hivyo hivyo. Zimua mpaka rangi ifanane na chai ya rangi nyepesi, ile ambayo ukiiangalia unaona mpaka chini ya kikombe. Samadi ya mifugo ina chumvi, hasa mifugo inayolambishwa chumvi, kwahiyo hapo kwenye kuzimua usifanye haraka. Mwagia kwenye udongo, usinyunyizie majani wala matunda, vimelea vya tumbo vinakaa kwenye samadi na nyanya tunakula kwenye kachumbari.

Mashudu ya alizeti nayo yanalowekwa, Singida na Dodoma hayakosekani, yana naitrojeni nzuri na chumvi yake ni ndogo kuliko samadi. Yanataka muda wa kuoza na harufu yake majirani watakuja kukuuliza.

Ukiona maua ya kwanza, badilisha. Hapo nyanya inataka potasiamu zaidi ya naitrojeni, kwahiyo kwenye lebo tafuta chupa ambayo namba ya tatu ndo kubwa kuliko ya kwanza. Mwenye ndugu ukanda wa milimani kama Lushoto amletee majani ya alizeti pori, yale maua ya njano ya pembeni ya barabara, yana naitrojeni na potasiamu vyote kwa wingi, unaloweka kama samadi. Majivu watu wanayashauri sana na ni kweli yana potasiamu, lakini majivu yanapandisha pH, yaani yanapunguza uchachu wa udongo, na maji yetu magumu nayo yanapandisha, mwisho wake chuma kinakuwepo kwenye udongo ila mmea hauwezi kukinywa, majani machanga ya juu yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani. Kwa hapa Dodoma mimi majivu kwenye ndoo siweki. Maji ya maganda ya ndizi yana faida ndogo, weka maganda kwenye mboji.

Kipimo: chochote lebo inachosema gawa nusu, kisha toa mara mbili. Wakisema mililita 10 kwa lita moja kila wiki 2, wewe toa 5 kila wiki, nunua bomba la sindano duka la dawa upimie, usikadirie na kizibo. Mwagilia maji matupu kwanza, udongo ukishalowa ndo mbolea ifuate, usiimwage kwenye udongo mkavu hata siku moja. Kila baada ya wiki 3 au 4 mwagia maji mengi bila mbolea mpaka yatiririke chini kwa muda, hapo ndo unatoa chumvi, na kama umekinga maji ya mvua kwenye pipa yatumie kwa kazi hiyo. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo na ncha za majani zinakauka, simamisha mbolea, osha udongo, usiongeze kitu.

Nyanya ikioza kitako, lile doa jeusi chini ya tunda, watu wanakimbilia kununua kalsiamu. Maji magumu yana kalsiamu tayari! Mara nyingi shida ni kumwagilia leo ndoo nzima, kesho na keshokutwa hakuna, kalsiamu inasafiri na maji, maji yakikatika nayo haifiki kwenye tunda. Naitrojeni na potasiamu zikizidi zinaichelewesha pia. Mwezi wa 10 na wa 11 kwenye joto hapa mwagilia asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Na maua yakipukutika kipindi hicho ujue joto na upepo vinachangia sana, weka kivuli cha neti mchana kabla hujatafuta chupa nyingine.

Chupa ukishaifungua iweke kivulini, sio juu ya bati wala dirishani. Ikivimba ni vijidudu vinaendelea kuchacha ndani, legeza mfuniko taratibu nje ya nyumba, tikisa vizuri kisha pima. Ikianza kunuka tofauti na siku ulipoinunua, ile ya mayai yaliyooza, mwaga kwenye shimo la mboji ununue nyingine ndogo utakayoimaliza msimu huo huo.