Maswali ya bustani: mbegu za sikadi

Safari hii karibu wote mmeuliza sikadi, mimea inayofanana na mnazi mfupi: mtapo wetu wa mwambao, na ile yenye majani ya miiba, Encephalartos hildebrandtii, inayopendwa getini.

Koni la sikadi yangu ya miiba limepasuka, mbegu nyekundu zinang'aa. Nizipande leo? – Mama wa Tabata

Subiri kwanza, mama. Mbegu hizi hudondoka kiinitete, yaani kimche kilicho ndani, kikiwa bado kichanga, na ukizifukia sasa nyingi zitaozea ardhini. Vaa glavu, maana ile nyama ya nje ina sumu, tena huzuia kuota. Loweka kwenye ndoo siku mbili tatu ukibadilisha maji, kisha menya mpaka libaki gamba gumu. Kausha kivulini, si juu ya bati. Halafu weka kwenye kopo lenye vumbi la mbao lililonyeshwa kidogo tu, ukilifinya lisitoe maji. Kopo likae penye ubaridi kama miezi sita. Uwe unachungulia, kwa sababu joto la Dar huleta ukungu upesi. Yenye ukungu wa juu ioshe na uirudishe. Iliyolainika tupa.

Ukipanda, ilaze ubavu kwenye mchanga wa mto, nusu ibaki nje. Mzizi hutangulia, jani hufuata kwa wakati wake.

Shikamoo. Fundi bustani kasema mbegu inayoelea ni mbovu. Zangu za mtapo zimeelea zote! – Kijana wa Kigamboni

Marahaba. Kwa sikadi ya miiba fundi wako kwa kawaida yuko sahihi. Kwa mtapo, Cycas thouarsii, hapana: mbegu yake ina tabaka kama sponji linaloielesha, na ndivyo inavyosafiri baharini. Pasua moja. Ikiwa imejaa, nyeupe na ngumu, usizitupe nyingine.

Yangu huzaa mbegu kubwa kila mara ikitoa koni, haioti hata moja. – Mbezi

Dume liko wapi? Sikadi zina mti dume na mti jike, na jike la jamii hii ya miiba hunenepesha mbegu hata lisipopata chavua. Kwa macho huwezi kutofautisha mbegu iliyopata chavua na isiyopata. Porini wadudu jamii ya fukusi hubeba chavua, lakini uani kwako huenda hawafiki. Omba kwa mwenye dume: koni lake likianza kumwaga unga, likung'ute juu ya karatasi. Koni jike likifungua nyufa ndogo, upulizie humo.

Ukikosa kabisa, ng'oa machipukizi ya shinani. Encephalartos woodii wa Afrika Kusini alipatikana dume mmoja tu, mwaka 1895, na miti yake yote iliyopo leo imetokana na machipukizi.

Niziweke friza? – Sinza

Hapana. Zina maji ndani, barafu itaziua.

Mbwa wangu ametafuna mbegu. – Msasani

Mkimbize kwa daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje atapike. Sumu hii huharibu ini.

Kaka yangu yuko Muscat, nimtumie chache kwenye bahasha? – Ilala

Usithubutu. Encephalartos zote, pamoja na mbegu zake, zimo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, chenye masharti makali kuliko vyote. Bila vibali zitakamatwa uwanja wa ndege, na wewe utaulizwa. Hata za kupanda hapahapa, usiokote kwenye msitu wa hifadhi bila kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Nunua kwa mwenye mti uani kwake.