Minazi ya Baba Iko Rehani: Niikomboe au Ninunue Boda?

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mchukuzi sokoni Kongowea, Mombasa, kwetu Kaloleni. Mwaka 2021 tulifiwa na babu, na baba akaweka rehani minazi 14 kwa jirani kwa sh 30,000 ili tugharamie matanga. Jirani anaangua nazi mpaka leo na deni halijapungua hata senti. Kule kwetu nazi inanunuliwa sh 15. Nimeweka akiba ya sh 35,000. Wenzangu waniambia niitoe iwe amana ya bodaboda; baba naye hachoki kupiga simu. Nifanyeje?
Mchukuzi, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa magunia.

Shika kalamu kwanza. Mnazi mrefu wa Pwani kukupa nazi 40 kwa mwaka si ajabu. Miti 14 ni nazi 560, na kwa bei hiyo yako ni sh 8,400. Kwa miaka minne jirani amevuna kama sh 33,600, mkwezi akiwa hajatolewa chake, na bado anadai 30,000 zake kamili. Usimwite mwizi lakini. Rehani ya minazi ndivyo ilivyo: nazi humwendea aliyetoa pesa, na deni hukaa pale pale hadi lilipwe.

Mimi nasema komboa. Boda huenda ikaleta zaidi kwa siku, sikatai, ila 35,000 zako ni amana tu. Yaliyobaki utalipa kila wiki, na ukilala na homa wiki mbili wenyewe waja kuichukua.

Penye hatari ni mashahidi. Msomi Mwingereza David Parkin alikaa na Wagiriama wa Kaloleni miaka ya 1960, akaona minazi ikihama mikononi mwa waliobanwa na mazishi na mahari, ikienda kwa wachache wenye fedha. Na kesi ilipozuka, aliyeshinda ni yule ambaye wazee walisimama kumshuhudia. Kwetu mti na ardhi ni mali mbili, mtu aweza kuwa na minazi juu ya shamba la mwenziwe. Sasa baba akifariki kabla ya kukomboa, nani atakayesema ilikuwa rehani, si kuuza? Jirani?

Kwa hivyo nenda mwenyewe, usimtumie baba pesa. (Namheshimu, ila matanga hayaishi kijijini.) Ita wazee wa pande zote mbili, mzunguke mti kwa mti, iandikwe, kila mmoja atie kidole, kisha mpitie kwa naibu wa chifu. Lipa kwa M-Pesa mbele yao ili ushahidi ubaki. Ndugu zako waambie mapema kwamba minazi ni ya baba, lakini nazi ni zako mpaka 30,000 zirudi. Ukinyamaza, kila mmoja atakuja na gunia lake.

Jambo jingine: ukifika, tazama juu kabla ya kufungua mkoba. Mti unaogemwa tembo, yaani pombe ya mnazi, hauzai nazi, na tembo hilo huteremshwa asubuhi na jioni. Ukiona vibuyu vileleni, hesabu yangu itupe; huyo amekula zaidi ya nazi, na hapo una haki ya kuwaomba wazee wampunguzie deni baba yako.