Usianze na simu yake
Dada umeuliza kama umnyang'anye mdogo wako simu kwa vile anacheza gemu ya simu ya PUBG mpaka alfajiri, mi nakuomba usianze na simu. Kaa naye kwanza, hata pale kibandani mkila rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), umuulize analalaje siku hizi na ule mpira wa jioni mbona kauacha. Usimwambie "una shida gani wewe", atafunga mdomo, muulize anacheza na nani, maana kuna vijana hapa Kampala marafiki zao karibu wote wako humo humo kwenye gemu, ukizima simu umewakatia watu wao. Kucheza masaa mengi tu si ugonjwa jamani, Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, lakini wanaangalia kama mtu kashindwa kujizuia, gemu imepita kila kitu, na anaendelea hata maisha yakiharibika, kwa kawaida kwa angalau miezi 12. Ila akikwambia amechoka kuishi hapo usingoje hata kesho, usimwache peke yake, mpelekeni Butabika, hospitali ya afya ya akili hapa Kampala, siku hiyo hiyo.