Fungueni, ila wageni waanze na somo

Dada, umeuliza kama usiku wa dansi wa studio yenu hapo Moshi ubaki wa wanafunzi tu au mwafungulie watu wote. Fungueni. Mwanafunzi anayecheza na wenzake wale wale kila Ijumaa huzoea mikono yao. Akishikwa na mgeni, hesabu ya hatua za salsa, 1-2-3, 5-6-7, inampotea. Nimeliona sana huku Arusha. Ila msiwaache wageni wakae ukutani na soda zao. Nusu saa ya kwanza wafundisheni hatua za msingi za salsa, halafu pigeni rumba ya Kongo, maana hiyo wengi wamekua nayo kwenye harusi. Binti akikataa kucheza, anayeendelea kumng'ang'ania atolewe nje papo hapo.